Koleo lilivunjika, uhunzi ukaendelea

Wiki hii naomba wasomaji wa safu hii waniruhusu niweke kando siasa na migogoro yetu ya kila siku, nizungumzie maradhi mengine ambayo hayapimwi hospitalini. Ni maradhi ya mtu kuwa na kipaji mikononi mwake, kisha akakiacha kikafa kwa sababu ya shaka.

Kila mtaa una watu wa namna hii. Yupo kijana aliyekuwa akiandika khat nzuri chuoni hadi mwalimu akatundika kazi zake ukutani, leo ukimpa kalamu anacheka na kuirudisha. Yupo dada aliyejua kushona kofia za mkono zenye maua magumu, sasa sindano imepata kutu. Yupo mzee aliyechonga milango, na yupo mtunzi wa kaswida ambaye daftari lake limeliwa na mende. Ukiwauliza sababu, majibu yao yanafanana. Watakwambia umri umepita, au wenzao wamewazidi, au wataonekana watoto, au mkono haumo tena. Mimi husikia majibu haya mara nyingi barazani, na ndiyo yaliyonifanya nichague kuandika habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye aliyajua majibu yote hayo na bado akaendelea kufanya kazi.

Mtu huyo ni Henri Matisse, mchoraji wa Kifaransa. Hakuwa Mwislamu, wala sikusudii kumfanya kiigizo katika mambo ya dini. Zipo kazi zake ambazo siwezi kumshauri mtu mwenye haya azitundike sebuleni. Lakini hekima huokotwa popote ilipoanguka, na katika maisha ya mzee huyu ipo ya kuokota. Zaidi ya hayo, sehemu ya furaha aliyoipata katika kazi yake aliichota kwetu, kwa mafundi wa nchi za Kiislamu na kwa wafumaji wa Afrika, kama nitakavyoeleza.

Matisse alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869 katika mji wa Le Cateau-Cambrésis, kaskazini mwa Ufaransa, akakulia mji jirani wa Bohain. Hiyo ni sehemu ya baridi na mawingu, na watu wake walikuwa wafumaji. Bohain ilijulikana kwa vitambaa vya thamani vilivyokwenda kuvaliwa na matajiri wa Paris. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na mbegu, na alitaka mwanawe awe mtu wa maana. Katika fikra za baba yule, mtu wa maana alikuwa mwanasheria. Basi kijana akapelekwa Paris kusoma sheria, akafaulu, akarudi kuwa karani katika ofisi ya wakili. Kazi yake ilikuwa kunakili nyaraka ambazo hazikuwa na maana yoyote kwake.

Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 20, aliugua kidole tumbo akalazwa muda mrefu. Mama yake, kwa kumwonea huruma alivyokaa bila la kufanya, alimletea kisanduku cha rangi. Kumbuka kwamba kijana huyu hakuwa ametoa dalili yoyote kwamba angekuwa mchoraji. Lakini aliposhika kile kisanduku alihisi, kama alivyokuja kusimulia uzeeni, kwamba hayo ndiyo maisha yake. Mwaka uliofuata aliacha sheria akaenda Paris kujifunza kuchora, na baba akakasirika kweli kweli.

Sasa hapa ndipo wengi wetu hupenda hadithi iishe. Tunataka kusikia kwamba kijana alifuata moyo wake, akafaulu, akawa tajiri. Haikuwa hivyo. Alipojaribu kuingia chuo kikuu cha sanaa cha Paris alifeli mtihani wa kuingia. Ilimchukua hadi mwaka 1895 kukubaliwa rasmi, naye alikuwa na miaka 25, umri ambao wenzake walikuwa wanamaliza. Bahati yake ni kwamba alipata mwalimu mwema, Gustave Moreau, ambaye hakuwalazimisha wanafunzi wafanane naye. Lakini mwalimu huyo alifariki mwaka 1898, na Matisse akabaki na mke mpya, Amélie, na watoto wa kulisha.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Amélie alifungua duka la kofia ili nyumba iwake moto. Yeye mwenyewe, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, alikubali kibarua cha kupaka mapambo ya majani kwenye kuta za jumba la maonyesho, akilipwa kama vibarua wengine. Na katika dhiki hiyo hiyo, mwaka 1899, alifanya jambo ambalo jirani yeyote angesema ni wazimu. Alinunua mchoro mdogo wa mchoraji Paul Cézanne, wakati ambapo fedha ya matumizi yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Hakuununua afanye biashara. Alikaa nao miaka 37, na hata alipokuwa na shida hakuuuza, mpaka mwaka 1936 alipoutoa zawadi kwa mji wa Paris. Alieleza kwamba mchoro ule ulimpa nguvu katika saa ngumu za maisha yake ya uchoraji. Mtu mwenye shaka anahitaji kitu cha kumkumbusha kwamba kazi njema inawezekana, na yeye alijiwekea chake mbele ya macho.

Kisha ukaja mwaka 1902. Wakwe zake walikuwa wakifanya kazi kwa familia moja tajiri ya Paris, familia ya Humbert, ambayo siku moja ilibainika kwamba utajiri wake wote ulikuwa utapeli. Fedha za watu wengi zilipotea. Baba mkwe alikamatwa, ingawa baadaye alionekana hana hatia, na chumba cha kazi cha Matisse kikapekuliwa na polisi. Matisse alirudi na familia yake Bohain, kwenye mji ule ule ambako watu walimwona kijana aliyeharibikiwa. Usingizi ukampotea, na akafikiria kuacha uchoraji kabisa. Alikuwa na miaka 32.

Hakuacha. Mwaka 1905 alikwenda kukaa msimu wa joto Collioure, kijiji cha wavuvi kusini mwa Ufaransa, na huko jua lilimfungua. Alianza kupaka rangi kwa ujasiri ambao haukuwa umeonekana, uso wa kijani, mti mwekundu, bahari ya waridi. Alipopeleka kazi hizo kwenye maonyesho ya Paris msimu wa baridi ulipokaribia, watu walicheka. Mhakiki mmoja aliwafananisha yeye na wenzake na wanyama wa mwituni, na jina hilo likawabandika hadi leo katika vitabu vya historia. Mchoro uliochekwa zaidi ulikuwa wa mkewe akiwa amevaa kofia kubwa. Lakini ndugu wa familia ya Stein, Wamarekani waliokuwa wakiishi Paris, waliununua kwa faranga 500, na kuanzia hapo mlango wa riziki ukafunguka.

Nimetaja jua la kusini. Jambo la pili lililomfungua ni lile linalotuhusu sisi. Mwaka 1906 alivuka bahari kwenda Algeria, akafika hadi Biskra, akarudi na vitambaa na vyombo vya udongo. Mwaka 1910 alisafiri hadi Munich, Ujerumani, kuangalia maonyesho makubwa ya sanaa ya Kiislamu, yenye vitu zaidi ya 3,000, mazulia, vyombo vya shaba, vioo, vigae na kurasa za vitabu vilivyopambwa kwa mkono. Hakupita tu kama mtalii. Mtu huyu alikuwa amefundishwa shuleni kwamba picha nzuri ni ile inayoigiza kitu kwa kivuli na kina, hata ukidhani unaweza kuingiza mkono ndani. Katika mazulia na vigae vile aliona njia nyingine. Aliona fundi anayeweka rangi bapa kando ya rangi bapa, jani likizaa jani, uzuri ukienea sawasawa pembe zote bila kitu kimoja kujifanya mfalme. Maisha yake yote aliendelea kukiri kwamba sanaa ya Mashariki ilimthibitishia njia yake.

Tena ilimjia wakati wa kuhitaji. Mwaka huo huo wa 1910 alikuwa amechora michoro miwili mikubwa, mmoja wa watu wakicheza na mwingine wa muziki, kwa ajili ya Sergei Shchukin, tajiri wa biashara ya nguo wa Moscow. Paris iliizomea. Shchukin mwenyewe akasita kuichukua, kisha akabadili mawazo. Katikati ya hayo, mwezi Oktoba, baba yake Matisse alifariki. Alikimbilia Hispania akiwa mgonjwa wa kukosa usingizi, akazuru Cordoba, akaingia Alhambra kule Granada, jumba lililoachwa na wafalme wa Kiislamu wa Andalusia. Mafundi waliochonga kuta zile majina yao hatuyajui. Lakini zaidi ya miaka 500 baada ya kazi yao, mtu aliyekata tamaa alisimama mbele ya kuta hizo akaondoka na kitu.

Januari 1912 alifika Tanja, huko Morocco, mji aliozaliwa Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Matisse alikwenda kutafuta jua, akakuta mvua. Kwa muda wa wiki mbili hivi ilinyesha bila kukoma, naye amefungiwa chumba cha hoteli. Alifanya nini? Alichora maua yaliyokuwa ndani ya chombo mezani. Mvua ilipokata, alitoka akakuta ardhi yote imekuwa kijani, na kazi alizozifanya pale na katika safari ya pili, iliyoendelea hadi mwanzoni mwa 1913, ni miongoni mwa kazi tulivu kabisa za maisha yake. Haki inanilazimu niseme pia kwamba tarehe 30 Machi 1912, yeye akiwa huko huko, Ufaransa ilimtia Sultani wa Morocco katika mkataba wa Fez, nchi ikapoteza uhuru wake. Mchoraji aliona nuru ya Morocco, wananchi wake waliingia gizani. Yote mawili ni kweli, na msomaji wa historia hana ruhusa ya kusahau moja.

Miaka ikapita, Matisse akahamia Nice, pwani ya kusini, akawa maarufu na mwenye fedha. Hapa ningependa msomaji asimame kidogo, maana tunadhani shaka ni ugonjwa wa maskini na wa asiyejulikana. Ilipofika mwaka 1929, akikaribia miaka 60, akiwa na jina dunia nzima, chemchemi ilikauka. Alikaa mbele ya kitambaa cha kuchorea na hakuna kilichokuja. Kwa miaka kadhaa alichora kwa rangi za mafuta mara chache sana. Mwaka 1930 alisafiri hadi Tahiti, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, akaogelea, akatazama samaki chini ya maji, akarudi mikono mitupu.

Kilichoanza kumtoa humo ilikuwa kazi ngumu, si mapumziko. Albert Barnes, tajiri wa Marekani aliyepata mali yake kwa dawa, alimwomba apambe ukuta wa juu katika jumba lake karibu na Philadelphia. Ukuta huo ulikuwa na matao matatu, na kazi nzima ilihitaji urefu wa mita zaidi ya 13. Matisse alihangaika. Kila alipobadili umbo moja, ilibidi abadili mengine yote, na kupaka upya ukubwa ule kulikuwa kunachosha. Ndipo alipobuni hila ya kikazi. Alikata maumbo kwa karatasi zilizopakwa rangi, akawa anayabandika kwa pini na kuyasogeza hapa na pale mpaka yakae sawa, ndipo apake. Mwaka 1932, baada ya jasho lote hilo, iligundulika kwamba vipimo vya ukuta vilikosewa. Alianza upya, ukubwa mwingine, na kazi ikatundikwa mwaka 1933. Ile karatasi na mkasi kwake vilikuwa vyombo vya msaada tu, kama mbao za ujenzi ambazo fundi huzitupa nyumba ikisimama. Hakujua kwamba ameshika ufunguo wa miaka yake ya mwisho.

Mwaka 1939 ndoa yake ya miaka 41 ilivunjika, na vita vya pili vya dunia vikaanza. Januari 1941 madaktari wa mji wa Lyon walimpasua kwa saratani ya utumbo. Alikuwa na miaka 71. Baada ya upasuaji damu iliganda na kumletea hatari mara nyingine, na kwa siku nyingi hakuna aliyeamini kwamba angetoka hai. Masista waliomuuguza walimpa jina la utani la mtu aliyefufuka. Yeye aliwaomba madaktari wamsaidie apate japo miaka mitatu au minne amalize kazi yake. Mwenyezi Mungu, ambaye ajali zote ziko mkononi mwake, alimwachia miaka 13 na zaidi.

Lakini ilikuwa miaka ya kitandani na ya kiti cha magurudumu. Misuli ya tumbo ilikuwa imeharibika, kusimama muda mrefu mbele ya kitambaa cha kuchorea ikawa haiwezekani. Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Matisse hakuijua methali hii, ila aliiishi. Alirudi kwenye mkasi.

Kazi ilifanyika hivi. Vijana wasaidizi walipaka karatasi nyeupe rangi nzito ya maji, nyekundu, samawati, kijani, manjano, kila karatasi rangi moja. Zikikauka, mzee alichukua mkasi mkubwa kama wa fundi cherehani, akakata bila kuchora kwanza kwa penseli. Karatasi ilizungushwa, mkasi ukapita, jani likaanguka, au ndege, au samaki, au nyota. Wasaidizi wakapanda ngazi na pini, naye akiwa kitandani akaelekeza juu kidogo, kushoto kidogo, hapana, rudisha, mpaka moyo uridhike. Maisha yake yote alikuwa akisumbuliwa na ugomvi kati ya mchoro na rangi, maana kwanza unachora mstari, kisha unajaza rangi, na mara nyingi kimoja humwua mwenzake. Mkasi ulimaliza ugomvi huo. Alikuwa anakata ndani ya rangi yenyewe. Mtoto wa wafumaji alirudi kwenye chombo cha mafundi wa nguo wa mji aliokulia, na humo akapata furaha ambayo fedha na jina havikumpa.

Na ukutani kwake siku hizo kulikuwa na nini? Miongoni mwa vitu alivyovitundika ni vitambaa vya ukili vya Wakuba wa Kasai, huko Kongo, vilivyofumwa na kutariziwa na watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Alivitazama muda mrefu akishangaa jinsi umbo linavyojirudia bila kufanana na lilipotoka. Waafrika hawa hawakusoma chuo cha sanaa cha Paris. Mzee aliyesoma huko ndiye aliyekuwa akijifunza kwao.

Kitabu chake cha kwanza cha karatasi za kukata kilitolewa mwaka 1947, chenye kurasa 20 za picha na jina la muziki wa Wamarekani weusi, Jazz. Mtu akikifungua huona sarakasi, farasi na rangi za sherehe, akadhani mzee alikuwa anastarehe. Sehemu kubwa ya picha hizo zilikatwa mwaka 1943 na 1944, Ufaransa ikiwa chini ya majeshi ya Hitler. Aprili 1944 mkewe waliyetengana na binti yake Marguerite walikamatwa kwa kuusaidia upinzani wa siri. Amélie alifungwa miezi sita. Marguerite aliteswa, akapakiwa kwenye treni ya kwenda kambi ya Ujerumani, akaokoka njiani. Baba alikaa muda mrefu bila habari zao. Ukiyajua haya, ukirudi kukitazama kitabu kile, unaona kwamba furaha iliyomo si ya mtu asiye na shida. Ni ya mtu aliyekataa shida iwe na neno la mwisho.

Je, shaka ilimwacha? Hapana, na hili ndilo linalonifanya nimwamini. Kitabu kilipotoka hakuridhika, aliona karatasi zilizokatwa zimepoteza uhai zilipochapwa. Wapo wahakiki walioona ni mchezo wa mzee mgonjwa, jambo la kumsamehe kwa umri wake. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika mara moja kwamba kukata karatasi ni kazi kamili na si mapambo tu. Tazama jinsi kazi yake moja kubwa ilivyoanza. Mwaka 1946, katika nyumba yake ya Paris, kulikuwa na doa ukutani lililomkera. Alikata ndege wa karatasi nyeupe akambandika juu ya doa. Ndege mmoja hakutosha, akaongeza samaki, kisha mwani, kisha ndege wengine, na wale samaki aliowaona Tahiti miaka 16 iliyopita, ambao hakuwahi kuweza kuwachora, wakaanza kutoka kwenye mkasi mmoja baada ya mwingine hadi ukuta mzima ukawa bahari. Safari aliyodhani ilipotea bure ilikuwa imelala ndani yake ikingoja doa la ukuta.

Kuanzia 1948 hadi 1951 alitumia mkasi huo huo kubuni madirisha ya rangi ya kanisa dogo la watawa mjini Vence. Hakuwa mtu wa ibada. Msichana aliyemuuguza usiku baada ya upasuaji alikuwa amekuwa mtawa, na ombi lilipitia kwake. Mambo ya kanisa si yangu kuyazungumza hapa, ila kulipa wema kwa kazi ya mkono ni tabia njema popote ilipo. Msimu wa joto wa 1952, akiwa na miaka 82, alitaka kwenda kuwatazama waogeleaji, joto likamshinda. Alirudi nyumbani akazungusha karatasi nyeupe katika kuta za chumba cha kulia, akakata waogeleaji wa samawati wanaoruka na kuzama, akawa na bwawa lake mwenyewe. Alipokuwa hawezi kufika ukutani, alifunga kalamu ya mkaa kwenye ufito mrefu, akachora sura za wajukuu zake kwenye dari akiwa amelala. Alifariki Nice tarehe 3 Novemba 1954, akiwa na miaka 84, kazi ikiwa bado mkononi. Mwaka 2014 karatasi zake zilipoonyeshwa London, watu zaidi ya nusu milioni walijipanga kuziona.

Sasa turudi kwetu. Nionavyo mimi, kosa letu kubwa ni kudhani kwamba shaka itaondoka kwanza, ndipo mtu aanze kazi. Tunangoja siku ambayo moyo utatulia, mkono hautatetemeka, na hakuna atakayecheka. Siku hiyo haikumjia Matisse akiwa na miaka 32, wala 60, wala 80. Shaka yake ilikuwa inapungua pale tu mkono unaposhika kazi, na ilirudi kila alipoiweka chini. Na furaha haikumrudia kwa kujilazimisha kufanya kile alichosifiwa zamani. Ilimrudia alipokubali kuwa mwanafunzi tena, akashika chombo kidogo ambacho wengine walikiona cha watoto.

Wapo watakaoniambia kwamba tuna matatizo makubwa kuliko kalamu za khat na sindano za kofia. Ni kweli matatizo tunayo. Lakini umma uliojenga Alhambra na kuchonga milango ya Lamu na Unguja haukusubiri matatizo yaishe. Na wengine watauliza hukumu ya kuchora viumbe. Hilo lina masheikh wake na mimi si mmoja wao. Uwanja wa khat, wa maua, wa ukili, wa uchongaji na wa utarizi ni mpana mno, na ndio ule ule uliomshangaza Mfaransa yule kule Munich na Granada. Inasikitisha kwamba yeye alivuka bahari kujifunza kwa mafundi wetu wasio na majina, na sisi wajukuu zao tunaona aibu kushika vyombo vyao.

Nawaomba wazazi, mtoto akichora ukingoni mwa daftari, kabla ya kumpiga mtazameni amechora nini. Mama wa Matisse hakuwa msomi wa sanaa, alileta kisanduku cha rangi tu kwa mgonjwa. Nawaomba walimu wa madrasa watenge hata saa moja kwa wiki ya khat, si kwa mashindano, bali kwa kuandika. Na wewe uliyeacha, usinunue vyombo vipya kwanza wala usitangaze kwamba umerudi. Tafuta kalamu ile ya zamani, au sindano ile yenye kutu, uisugue. Fanya kidogo leo baada ya Isha, kibaya kama kitakuwa kibaya. Kesho fanya kingine.

Wabillahi tawfiq.